Vyoo Tisini na Tisa Havitoshi

Kwa karibu nusu karne, tangu kampeni ya Mtu ni Afya hadi ile ya Nyumba ni Choo, vijiji vya Tanzania vimehimizwa kushiriki katika usafi wa mazingira. Kipimo cha ushiriki huo ni kaya moja tu: ile iliyobaki bila choo.

Kijiji kina kaya mia moja. Tisini na tisa zimechimba choo, zimekiezeka, zimefunika tundu na kutundika dumu la kunawia nje. Moja haina. Watu wake hutoka kabla hakujapambazuka na kwenda kichakani, juu kidogo ya kijito. Masika yakianza, maji yaliyopita kichakani ndiyo yanayoshuka hadi kwenye kisima cha wale tisini na tisa. Nzi naye hajui mpaka wa shamba la mtu.

Godoro zuri humfaa aliyelinunua, basi. Choo humlinda jirani sawasawa na kinavyomlinda mwenyewe, na kukosekana kwake humfikia jirani bila hodi. Ndiyo maana mtu mmoja, awe msafi kiasi gani, hawezi kulimaliza jambo hili peke yake, na serikali, iwe kali kiasi gani, hailimalizi kwa amri. Linahitaji uamuzi wa kijiji kizima kuhusu tendo ambalo kila mtu hulifanya akiwa amejificha.

Wataalamu huuita uamuzi huo ushirikishwaji wa jamii. Siku hizi karibu kila mkutano wenye soda na posho huitwa shirikishi. Lakini katika usafi wa mazingira ushirikishwaji una kipimo kigumu: kijiji kinaitendeaje kaya ya mia?

Kutoka faini hadi redio

Utawala wa kikoloni ulitegemea amri. Bwana afya alipita nyumba kwa nyumba, akakagua, akatoza faini. Watu walijifunza haraka: wakachimba shimo la kumwonyesha bwana afya, wakaendelea na desturi zao. Tabia hiyo haikufa siku bendera ilipobadilishwa. Hadi leo zipo nyumba ambazo choo hufagiliwa siku ya ukaguzi na kugeuzwa stoo siku zinazofuata.

Mwaka 1973 Tanzania ilijaribu njia nyingine. Kampeni ya Mtu ni Afya, iliyosimamiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kwa kushirikiana na Wizara ya Afya, ilirushwa na Radio Tanzania kwa wiki kumi na mbili. Katika nchi yenye watu wapatao milioni 14 wakati huo, watu wazima karibu milioni mbili walijiunga na vikundi takriban 75,000. Kundi lilikutana darasani au chini ya mti. Kiongozi wake, aliyekwisha kupewa mafunzo, aliwasha redio, kisha somo likasomwa kwa sauti kutoka kitabuni: malaria, safura, kichocho, kuhara, kifua kikuu.

Kipindi kikiisha, ndipo kazi ilipoanza. Wanakikundi waliulizana ugonjwa huu hapa kwetu unatoka wapi, na sisi tutafanya nini kabla ya wiki ijayo. Wapo waliofukia madimbwi, waliofyeka nyasi kuzunguka nyumba, waliochimba vyoo. Mtu aliyesema mbele ya wenzake kwamba Jumamosi atachimba, alijua wiki ijayo ataulizwa na watu wale wale. Vyoo vilichimbwa kwa maelfu, na mkaguzi hakuhitajika.

Novemba mwaka huo huo, hata hivyo, serikali ilitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri. Mamilioni ya watu walihamishwa katika Operesheni Vijiji, na aliyehamishwa aliacha nyuma nyumba, miembe na choo alichokichimba kwa hiari. Mkono mmoja wa serikali ulikuwa ukiuliza, mwingine ukiamuru. Atakayeiandika historia ya choo Tanzania itambidi aieleze mikono yote miwili.

Glasi ya maji na unywele

Miaka ya 1990 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na wa mpango wa maji na usafi wa UNDP na Benki ya Dunia walitengeneza mbinu iliyojulikana kama PHAST, ikajaribiwa Botswana, Kenya, Uganda na Zimbabwe. Wanakijiji walipewa picha zilizochorwa na wachoraji wa kwao, wakazigawa mafungu matatu: tabia njema, mbaya, na za katikati. Walipanga vyoo kama ngazi, kutoka kichakani hadi choo cha kuvuta maji, wakaonyesha wenyewe wamesimama wapi na wanataka kupanda hadi wapi. Asiyejua kusoma alikuwa sawa na mwalimu. Ilikuwa mbinu ya heshima, ila ilidai vikao vingi na wawezeshaji wavumilivu.

Mapinduzi makali zaidi yalitokea Bangladesh. Mwaka 2000 hivi, Kamal Kar, mtaalamu kutoka India, alikuwa akitathmini kazi ya WaterAid na shirika la wenyeji liitwalo VERC katika eneo la Rajshahi. Vyoo vya ruzuku vilikuwa vimejengwa, na bado watu walikwenda mashambani. Katika kijiji cha Mosmoil akaanza kuuliza badala ya kugawa: mnajisaidia wapi, na mavi hayo huenda wapi?

Mbinu iliyozaliwa hapo imesambaa katika nchi zaidi ya sitini. Huku kwetu hufanyika hivi. Wanakijiji huchora ramani ya kijiji ardhini, wakiweka jani kwa kila nyumba na kumwaga unga wa njano kila mahali watu wanapojisaidia. Kisha humpeleka mgeni matembezini hadi kwenye maeneo yenyewe, na mwezeshaji mzoefu hakimbii harufu. Husimama pale pale na kuendelea kuuliza. Huja hesabu: mtu mmoja kwa siku, kaya kwa wiki, kijiji kwa mwaka, mpaka itajwe tani. Mwishoni mwezeshaji hutoa glasi ya maji safi, mtu akaonja. Hung'oa unywele, akaugusisha kinyesi, akauchovya ndani ya glasi, akamkaribisha yule yule anywe tena. Hakuna anayenyoosha mkono. Nzi ana miguu mingapi, huuliza, na mguu wake hubeba zaidi au chini ya unywele huu?

Kimya huvunjwa na mtu mmoja, mara nyingi mama wa makamo, anayesema kwa sauti: kumbe tunakula mavi ya wenzetu. Mwezeshaji amekatazwa kulisema hilo. Kazi yake ni kuuliza, na kijiji kikishaona, kuuliza swali la mwisho: mtaendelea hivi, au? Watakaoinuka kwanza huitwa viongozi asilia, na ndio watakaosukuma kazi mwezeshaji akishaondoka.

Kar aliweka sharti gumu: hakuna ruzuku, hakuna ramani ya choo kutoka mjini. Choo cha kwanza kiwe cha miti na udongo, alimradi kimechimbwa na mwenyewe. Fedha za nje, alihoji, huwafanya watu wakae kungoja, na humgeuza mwanakijiji kuwa mpokeaji wa choo cha mtu mwingine.

Kutoka Kilifi hadi Nyumba ni Choo

Kenya iliipokea mbinu hiyo mapema. Mwaka 2007 kijiji cha Jaribuni, Kilifi, kikawa cha kwanza nchini humo kutangazwa kimeachana na kujisaidia ovyo. Mei 2011 serikali ilizindua kampeni ya kuifanya Kenya yote ya vijijini iwe hivyo ifikapo 2013. Lengo hilo halikufikiwa, lakini Nambale katika Busia ilionyesha mwaka 2012 kwamba wilaya nzima inaweza.

Tanzania ilizindua Kampeni ya Kitaifa ya Usafi wa Mazingira mwaka 2012. Ilichanganya kazi ya kuchefua vijiji, yaani kuviamsha kwa maswali kama ya Kar, na mafunzo kwa mafundi wa kumimina masinki ya zege, na kunawa mikono kwa kibuyu chirizi: dumu la lita tano lenye tundu, kamba, na kijiti cha kukanyaga, ili mkono mchafu usiguse chombo. Mwaka 2017 ikaja Nyumba ni Choo, ikiwa na mghani Mrisho Mpoto kama balozi wake. Wito wake, Usichukulie Poa, haukuzungumzia magonjwa, ulizungumzia hadhi. Nyumba yenye bati jipya, televisheni na choo cha magunia haijakamilika, ilisema kampeni, na wageni wanaona. Mwaka 2024 serikali ililirudisha jina la Mtu ni Afya kwa kampeni mpya.

Kwa hiyo tumepitia woga wa faini, mazungumzo ya kikundi, kichefuchefu na fahari. Kila kimoja kinamgusa mtu mahali pake. Swali ni nini kinabaki baada ya mwezeshaji kupanda pikipiki na kuondoka.

Utafiti umeona nini

Majibu yapo, nayo hayampi raha mtu yeyote. Nchini Mali, katika mkoa wa Koulikoro, watafiti walilinganisha vijiji 121, vingine vikiwa vimechefuliwa na vingine havijaguswa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Asilimia 65 ya kaya katika vijiji vilivyoguswa zilikuwa na choo chao, dhidi ya 35 kwingineko. Kuhara kwa watoto hakukutofautiana. Lakini watoto waliodumaa walikuwa asilimia 35 dhidi ya 41, tofauti ambayo mzazi yeyote angeitaka kwa mwanawe.

Katika Tanzania, utafiti mkubwa uliofanyika vijijini ulikuta kampeni imepunguza kujisaidia ovyo kutoka takriban asilimia 23 ya kaya hadi 11. Afya ya watoto haikuonyesha mabadiliko yaliyopimika, na kunawa mikono kulisogea kidogo sana. Odisha, India, ambako mpango wa serikali ulijenga kwa ruzuku, kaya zenye choo zilipanda kutoka asilimia 9 hadi 63. Wengi hawakuvitumia, na ugonjwa haukupungua.

Ukiziweka pamoja, takwimu hizi zinafanana na kile kijiji cha kaya mia. Nusu ya vyoo haileti nusu ya afya. Kinyesi kikiendelea kuwapo uwanjani, vidole, nzi, udongo na maji vina kazi ile ile. Na choo kibovu, kisicho na mfuniko wala maji ya kunawia, huhamisha tu mahali pa kuchafulia.

Uchunguzi wa Plan International wa mwaka 2013 katika Ethiopia, Kenya, Sierra Leone na Uganda ulirudi kwenye vijiji vilivyokwisha kupewa hati ya kuachana na kujisaidia ovyo. Asilimia 87 ya kaya bado zilikuwa na choo kinachofanya kazi, jambo la kupigiwa makofi. Lakini ukidai masharti yote, yaani choo, faragha, mfuniko, matumizi, na maji na sabuni karibu, kaya zilizofaulu zilikuwa karibu asilimia 8 tu. Kilichopotea kwanza ni mahali pa kunawa mikono. Dumu huvunjika, kamba hukatika, sabuni huliwa na mbuzi, na mwenye kujaza maji ni yule yule aliyeteka ndoo kisimani: mama au binti. Alishirikishwa katika hotuba, hakushirikishwa katika hesabu ya maji.

Aibu na msaragambo

Turudi kwa kaya ya mia. Mara chache huwa ni ya mkaidi. Huwa ni ya bibi anayelea wajukuu, ya mtu asiyeweza kushika sururu, ya kibarua anayeishi kwenye ardhi ya mwingine, ya mfugaji atakayehama kiangazi. Kijiji kilichochefuliwa vizuri kina hasira mpya, na hasira hutafuta pa kutua. Katika nchi kadhaa za Asia na Afrika, filimbi zimepulizwa, watoto wametumwa kumzomea aliyechuchumaa, picha zimepigwa, faini zimetozwa, na waliokosa choo wametishiwa kunyimwa haki zao nyingine. Wakosoaji wamesema wazi kwamba hapo ushirikishwaji umegeuka kuwa adhabu ya wengi dhidi ya wachache, na kwamba bwana afya wa kikoloni amerudi akiwa na uso wa jirani.

Watetezi wa mbinu hiyo hujibu kwamba haki ya kutokula mavi ya mwenzio nayo ni haki. Wana hoja. Ila hoja hiyo inahitaji mwenzake: kijiji kinachodai choo kwa kila kaya kinabeba deni kwa kaya isiyoweza. Hapa hatuna haja ya kukopa maarifa. Upareni na Tanga watu huitana kwa msaragambo. Kenya ina harambee. Pwani na bara kuna ujima wa kulima na kujenga. Vijana wakichimba mashimo matatu ya wazee kwa siku moja, fundi akamimina masinki, mwenye msitu akatoa miti, kaya ya mia imepata choo bila kupata jina baya. Vijiji vinavyofanya hivyo havikusubiri mfadhili, na havikumwacha mtu kwa kisingizio cha kukataa ruzuku. Msimamo wa wataalamu wenyewe umelegea: wengi sasa wanakubali msaada wa nje kwa wachache, mradi kijiji chenyewe kiwataje na kionyeshe kimefanya nini kwanza.

Kuna pia miiko. Katika jamii kadhaa za Afrika Mashariki, baba mkwe na mke wa mwanawe hawachangii choo. Afisa anayehesabu choo kimoja kwa boma moja atadhani kazi imekwisha, kumbe baba mkwe bado anakwenda porini kwa heshima. Swali moja kwenye mkutano, likiulizwa na mtu anayejua kungoja jibu, huzaa choo cha pili.

Udongo nao hauamriki

Shauku haichimbi mwamba. Katika visiwa vingi vya Ziwa Viktoria sururu hugonga jiwe baada ya futi mbili. Kyela na bonde la Rufiji, shimo hujaa maji kabla halijamfikia mtu kiunoni. Penye kichanga kuta huporomoka, na choo cha miti na udongo kilichojengwa kwa furaha mwezi wa nane hakioni Krismasi. Familia iliyoporomokewa mara mbili haina ari ya mara ya tatu, na hapo wanaoitwa waliorudi nyuma ni watu waliochoka.

Sinki dogo la zege lilibuniwa Msumbiji miaka ya mwisho ya 1970 kwa sababu mbao zilikuwa ghali na zikioza. Choo cha bomba la hewa kilitokana na maabara ya Blair katika Zimbabwe ya leo, katika muongo huo huo. Vyote viwili vinaonyesha kwamba fundi ana nafasi mezani sawa na mwezeshaji. Pakiwa na maji karibu, choo huinuliwa juu ya ardhi. Pakiwa na kichanga, shimo hujengewa kwa mawe au mapipa yasiyo na kitako. Mwanakijiji anayeambiwa abuni mwenyewe anastahili kuonyeshwa bei na aina, kisha achague. Kumwacha na jembe na aibu peke yake ni kumtelekeza.

Mtaa si kitongoji

Mjini hesabu hubadilika. Dar es Salaam, katika mitaa isiyopimwa, nyumba moja ina wapangaji wa vyumba sita na choo kimoja ambacho hakuna mwenye amri nacho isipokuwa mwenye nyumba anayeishi kwingine. Shimo likijaa huitwa vyura, vijana wanaoingia ndani na ndoo kwa ujira wa siku, au husubiriwa mvua kubwa na choo kikatapishwa mtaroni. Ukiwachefua wapangaji, watakuelewa sana. Hawana la kufanya.

Njia iliyofaa zaidi ilianzia Karachi, Pakistan. Mwaka 1980 Akhtar Hameed Khan alianzisha mradi wa Orangi, makazi makubwa yaliyokuwa hayana mfumo wa majitaka. Kitengo cha uamuzi kilikuwa uchochoro wenye nyumba ishirini hadi arobaini. Kila uchochoro ulichagua mtu wake, ukakusanya fedha, ukalaza bomba lake; mradi ulitoa vipimo na ushauri, na mabomba makuu yakabaki jukumu la serikali. Mgawanyo huo wa kazi ulikuwa wa haki: watu walilipia kinachoonekana mlangoni kwao, wakapata nguvu ya kudai kisichoonekana. Vingunguti, vikundi vya kuweka akiba vimewahi kufuata mkondo wa namna hiyo, kwa mabomba membamba yanayopeleka majitaka hadi mabwawani. Huko mjini, kushirikisha maana yake ni kuwaleta mezani mwenye nyumba, mpangaji, mpakuaji vyoo na mamlaka ya maji, na kila mmoja kuondoka na sehemu yake ya gharama.

Hesabu iliyobaki

Takwimu za WHO na UNICEF zinaonyesha kwamba mwaka 2000 watu bilioni 1.3 duniani walikuwa wakijisaidia mahali pa wazi. Mwaka 2022 walikuwa milioni 419. Hayo ni mafanikio makubwa ambayo hayaandikwi sana kwenye kurasa za mbele. Malengo ya dunia yanataka wawe sifuri ifikapo 2030.

Lakini waliobaki si sawa na waliotangulia. Aliyekuwa na ardhi, nguvu na majirani wa kumhimiza amekwisha kujenga. Wanaobaki, kwa sehemu kubwa, ni maskini wa vijijini: wenye udongo mbaya, wasio na ardhi, wazee, wanaohamahama. Dunia nzima sasa imefika kwenye kaya yake ya mia, na mbinu zilizoziamsha kaya tisini na tisa kwa kichefuchefu na fahari zinaishiwa nguvu mlangoni hapo.

Kwa hiyo kamati ya ukaguzi ikija kutoa hati, iachane kwanza na rejista ya vyoo. Imwombe mwenyekiti wa kitongoji aipeleke kwa kaya iliyokuwa ya mwisho kujenga, na iulize nani alichimba, nani hujaza dumu, na shimo likijaa nani atalipa. Majibu yakiwa majina ya majirani, hati itolewe siku hiyo hiyo. Yakiwa ni faini na vitisho, au mabega yanayopandishwa, kijiji hicho bado hakijakaa kikao chake cha kwanza.